Nina kipindi cha redio, pasipoti mbili na ombi la kazi katika kaunti: nianze na lipi?

Shangazi, shikamoo.

Nina umri wa miaka 28 na ni mtangazaji wa redio katika mji mmoja wa Pwani ya Kenya. Kila asubuhi ninaendesha kipindi kinachohusu huduma za umma, yaani maji, uzoaji wa taka, zahanati na basari za wanafunzi, na kazi hii naipenda. Mama yangu ni Mtaita wa Wundanyi. Baba alizaliwa Lamu katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut, akahamia Uingereza angali kijana, na akachukua uraia wa huko kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa Leicester mwaka 1998. Wazazi walipoachana mwaka 2007, mama alirudi nami nyumbani nikiwa na pasipoti ya Uingereza na Kiswahili cha kubahatisha. Kitaita nimefunzwa na nyanya, Kiswahili nimekipata kwa shangazi zangu wa Lamu na kwa wenzangu shuleni, na leo hicho ndicho kinachonilisha.

Hata hivyo, hapiti mtu bila kuniuliza ninatoka wapi hasa. Juzi nilipokuwa nikizungumzia uhaba wa maji, msikilizaji mmoja alituma ujumbe akauliza, "Huyo chotara wa Uingereza ajuaje bei ya mtungi wa maji?", ilhali nyumbani kwetu mimi ndiye ninayemngoja mwenye mkokoteni kila Jumamosi na kuhesabu mitungi anayoishusha. Kazini nako, wakija wageni wa kibalozi ninasogezwa mbele nipigwe picha nao, lakini ikitokea nafasi ya kuongoza mdahalo wa wanasiasa ninaambiwa kwamba wasikilizaji hawatajua niko upande gani.

Ndipo kaunti moja ya huku kwetu ilipotangaza nafasi ya afisa wa mawasiliano, nami nikatuma ombi. Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba nimo katika orodha ya watakaofanyiwa mahojiano. Hakuna mtu yeyote kazini anayejua. Tatizo ni kwamba mwezi ujao nimepangiwa kuongoza mjadala wa hewani kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti hiyohiyo, na mgeni wa siku hiyo ni mkubwa wa idara ninayoomba kujiunga nayo.

Mengine matatu yananinyima usingizi. Kwanza, fomu ya maombi ilitaka nitaje kabila langu. Niliandika Mtaita, ingawa jina langu la ukoo ni la Kiarabu, na shangazi zangu wa Lamu walipopata habari walisema nimewakana. Pili, nina kitambulisho na pasipoti ya Kenya, lakini ile ya Uingereza bado ninayo na sijawahi kuitangaza popote. Tatu, mwanasiasa mmoja anataka jina langu liingie katika orodha ya chama ya wateule wa bunge la kaunti mwaka 2027, kwa sababu, kwa maneno yake, nina "sura inayokubalika na vijana na jamii zote". Mama anataka nibaki redioni na niachane na haya yote. Nishauri, Shangazi.

Mtangazaji, Pwani

*

Marahaba, mwanangu.

Umeyapanga mambo yako kwa kadiri yanavyokuuma. Mimi nitaanza na lile lenye tarehe, kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia hayo mengine yote.

Mjadala wa bajeti usiuongoze. Sisemi hivyo kwa kuwa nina shaka na uadilifu wako, wala kwa kuwa kuomba kazi kwingine ni jambo la aibu. Nasema hivyo kwa sababu hakuna namna ya kuuongoza ambayo haitakugeuka baadaye. Ukimbana mgeni kwa maswali makali, atakayeshindwa kupata kazi ile atasema ulikuwa ukijionyesha kwa waajiri, na ukimlegezea, msikilizaji atakayesoma jina lako katika orodha ya walioajiriwa atakumbuka kila swali uliloliacha. Kipindi kinarekodiwa, na siku hizi vipande vya redio hukaa kwenye simu za watu miaka na miaka. Kanuni za maadili zinazowaongoza wanahabari nchini, ambazo zinasimamiwa na Baraza la Vyombo vya Habari chini ya sheria ya mwaka 2013, zinakutaka uepuke mgongano wa maslahi, na pale usipoepukika uuweke wazi. Wako unaepukika kwa barua moja fupi.

Barua hiyo mwandikie mhariri wako wiki hii. Usiifanye ndefu, wala usijitetee ndani yake. Inatosha kuandika: "Nimeomba kazi ya afisa wa mawasiliano katika kaunti fulani na nimeitwa kwa mahojiano. Naomba nisihusishwe na habari wala mijadala ya kaunti hiyo hadi nitakapopata jibu, na niko tayari kumsaidia mwenzangu atakayechukua mjadala wa mwezi ujao kuandaa maswali ya jumla kuhusu utaratibu wa bajeti." Nasema maswali ya jumla kwa makusudi. Kila mwananchi ana haki ya kujua kwamba makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kwamba mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kulieleza hilo hakumpendelei mtu. Maswali ya kumbana mgeni mwenyewe, mwachie mwenzako ayatafute.

Najua unaogopa kwamba mhariri atakuona umekwisha kuondoka, na huenda akakupunguzia vipindi kwa muda. Hilo livumilie. Akitaka kukufuta kazi kwa sababu hiyo tu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka athibitishe sababu halali, na kutafuta kazi kwingine si kosa la kinidhamu. Kwa uzoefu wangu, wahariri wengi hukasirika zaidi wanapoisoma habari ya namna hii gazetini kuliko wanapoipata mezani kwao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa maana hukuniambia kama umelisoma tangazo lile hadi mwisho. Kuna maafisa wa mawasiliano wanaoajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kwa ajira ya kudumu yenye pensheni, na kuna wale wanaofungwa kwa mkataba na ofisi ya gavana, ambao huingia naye na aghalabu huondoka naye. Kwa mtu wa nje wote wanafanana, kwani wote hubeba kamera na wote huandika taarifa kwa vyombo vya habari. Mwaka 2018 Kanze Dena alitoka kusoma habari za Kiswahili runingani akaingia Ikulu kama naibu msemaji, na baadaye akawa msemaji kamili; utawala ulipobadilika mwaka 2022, Ikulu ikapata msemaji mwingine, Hussein Mohamed, ambaye naye alitoka runingani. Hakuna aliyekosea hapo, kwani nafasi ya namna hiyo humfuata mwenye ofisi. Ila wewe usiiombe ukidhani kwamba umeomba utumishi wa kudumu. Kama tangazo linataja muda wa mkataba, hesabu ni lini unaisha, kisha uulinganishe na tarehe ya uchaguzi.

Utambue pia kwamba kazi itageuka. Redioni unamuuliza mwenye mamlaka kwa niaba ya msikilizaji, lakini katika kaunti utakuwa ukimjibu msikilizaji kwa niaba ya mwenye mamlaka, na zipo siku utakapoambiwa ukae kimya. Wapo wanahabari ambao hilo huwatafuna hadi wakarudi walikotoka. Ila usikubaliane na wanaosema kwamba kazi hiyo ni ya kupamba viongozi tu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21, na jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka kaunti iwafikie wananchi kwa njia mbalimbali, redio za jamii zikiwemo. Ni nani anayefanya hayo yatimie au yasitimie? Ni afisa wa ngazi yako, anayeamua kama barua ya mwananchi itajibiwa au itawekwa chini ya faili. Bajeti ya kaunti huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mtu anayeweza kuieleza kwa Kiswahili kinachosikika Lamu, kisha akapanda Wundanyi akaieleza kwa Kitaita, ana kitu ambacho shahada pekee haikileti. Waambie hivyo kwenye mahojiano, na uwape mfano wa kipindi ulichokifanya, ukitaja suala lililozungumzwa na kilichobadilika baada yake.

Kuhusu fomu na kabila, shangazi zako wameumia na ninawaelewa, lakini hukumkana mtu. Fomu iliacha nafasi ya neno moja, nawe umelelewa na mama Mtaita. Wanachoulizia hapo si nasaba yako yote. Sheria hiyohiyo ya kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zichukuliwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema kwamba ofisi ya umma haipaswi kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Bodi hutumia majibu ya fomu kufanya hesabu hiyo. Jambo pekee ambalo ningekukataza ni kubadilisha jibu kutoka ombi moja hadi jingine kwa kutazama ni wapi panalipa, leo Mtaita, kesho Mswahili, keshokutwa Mwarabu wa Kenya, kwa maana hapo ndipo mtu huanza kuonekana mdanganyifu. Wakikuuliza juu ya jina lako la ukoo, waambie kwamba baba ni mtu wa Lamu na mama ni wa Wundanyi, kisha ungoje swali linalofuata. Kwa shangazi zako usiende na maelezo ya sheria. Nenda na kilo mbili za sukari, ukae nao alasiri nzima.

Pasipoti ndilo jambo ambalo wengi walio na hali kama yako hulichanganya, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Katiba ya zamani ilimpa uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kupitia kwa baba tu. Kwa kuwa baba yako alikwisha kuchukua uraia wa Uingereza, na wakati huo Kenya haikuruhusu uraia pacha, mwaka 2007 mama yako Mkenya alikuwa akimrudisha nyumbani mtoto ambaye kisheria alikuwa mgeni. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyobadilisha hali hiyo: sasa mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko, na kifungu hicho kiliwafikia hata waliozaliwa kabla ya Katiba yenyewe. Kwa hiyo wewe ni Mkenya kwa kuzaliwa, na Katiba haikulazimishi kuacha uraia ule mwingine kwa sababu tu ya kuwa Mkenya.

Hata hivyo, kuna wajibu wa kutangaza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mwenye uraia pacha autangaze ndani ya miezi mitatu tangu alipoupata, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka 12 Katiba ilipoidhinishwa, na namna muda huo unavyohesabiwa kwako ni jambo la wakili, si la safu hii. Mtafute wakili anayeshughulika na masuala ya uhamiaji, mwende pamoja mkajaze fomu, na msingoje hadi baada ya mahojiano. Fomu za kuajiriwa huuliza juu ya uraia, na ni heri ujibu ukiwa na stakabadhi mkononi.

Swali la pili ni kama kazi hii inakutaka uikane Uingereza. Jibu ni hapana. Kifungu cha 78 cha Katiba kinawakataza uraia pacha wale walioorodheshwa kama maafisa wa Dola, nao ni watu kama Rais, mawaziri, wabunge, magavana na wawakilishi wadi. Afisa wa mawasiliano wa kaunti ni mtumishi wa umma, na hayumo katika orodha hiyo. Tofauti hiyo si ya kinadharia. Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani kwa baba Mkenya na mama Mmarekani, aliteuliwa kuwa balozi nchini Korea Kusini mwaka 2019, na Bunge la Kitaifa likamtaka aukane uraia wa Marekani kwanza. Alikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka huohuo ikaamua kwamba balozi si afisa wa Dola kwa maana ya Katiba. Ikiwa hata balozi hakubanwa na kifungu hicho, sioni kitakavyokubana wewe.

Yule mwanasiasa amekuletea jambo tofauti kabisa. Mwakilishi wadi, awe wa kuchaguliwa au wa kuteuliwa kupitia orodha ya chama, ni afisa wa Dola. Kifungu cha 78 kinamwachia mtu aliyepewa uraia wa nchi nyingine kwa nguvu ya sheria za nchi hiyo bila uwezo wa kujitoa, na wapo watakaokuambia kwamba kwa kuwa hukuuomba uraia wa Uingereza basi umo katika kundi hilo. Mimi nisingejenga ndoto juu ya hoja hiyo, kwa sababu Uingereza humruhusu mtu mzima kuukana uraia wake. Ukiukana, kuurudisha baadaye si haki iliyo wazi kwa anayeacha kwa ajili ya cheo. Kwa hiyo mtu huyo anakutaka uache kitu kwa ajili ya jina lililo katika orodha ambayo chama ndicho kinachoipanga, na nafasi ya kwanza na ya saba katika orodha hiyo si kitu kimoja. Je, amekuambia utakuwa wa ngapi?

Kisha kuna kalenda. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku hiyo, yaani kufikia mapema Februari. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 nayo haimruhusu mtumishi wa umma kushiriki siasa kwa namna inayotia doa kutoegemea kwake upande wowote. Ile methali ya mshika mawili sitakuambia, kwa maana mama yako amekwisha kukuambia. Nitasema tu kwamba huwezi kuingia ofisi ya kaunti huku jina lako limehifadhiwa kwenye mkoba wa chama, na kwamba redioni pia huwezi kuendelea kuhoji wagombea ukiwa unajua wewe ni mmoja wao.

Sikukatazi siasa. Naisula Lesuuda alikuwa mwanahabari wa runinga kabla ya kuteuliwa kuwa seneta mwaka 2013, na miaka minne baadaye wapiga kura wa Samburu Magharibi wakampeleka bungeni kwa kura zao. Esther Passaris, aliyezaliwa Mombasa kwa baba Mgiriki na mama Mkenya, amechaguliwa mara mbili, mwaka 2017 na 2022, kuwa mwakilishi wa wanawake wa Nairobi, katika jiji ambalo kila mmoja humuuliza mwenzake anatoka wapi. Wote wawili walikuwa na kazi ambayo watu waliijua kabla ya karatasi ya kura. Huyu wako anazungumzia sura. Mwulize angekutaka ushughulikie nini katika bunge la kaunti, maji, afya au basari, na ungekaa katika kamati gani. Akirudi kwenye sura na jamii zote, mjibu kwa maandishi kwamba kwa sasa hutaki jina lako litumike katika orodha yoyote, na uihifadhi nakala ya ujumbe huo, kwa sababu bodi inaweza kukuuliza na vyama huwa na tabia ya kutangaza majina ambayo wenyewe hawajakubali.

Mama yako nadhani haogopi kazi bali anaogopa kukuona ukitukanwa hadharani, na hilo tayari linakupata redioni. Mwonyeshe tangazo la kazi, hasa mstari unaosema kama ina pensheni. Na yule msikilizaji wa mtungi wa maji mjibu hewani mara moja tu, kwa kutaja bei uliyoilipa Jumamosi iliyopita na mtaa ulioilipia, kisha uendelee na kipindi.